Umestaafu na broka wa bima ya afya amekupigia simu? Pima haya kabla ya kutia sahihi

Kila tukizungumzia pensheni katika kipindi cha asubuhi, simu za studio hujaa, na kuna swali ambalo halikosi. Majuzi mzee mmoja alilileta hivi: "Mwanangu, kuna kijana amenipigia, anasema ni broka wa bima ya afya. Atatutafutia bima nzuri mimi na mama, na yeye simlipi chochote. Hapo pana mtego au hapana?"

Nilikuwa na dakika tatu kabla ya taarifa ya habari, na dakika tatu hazikutosha. Haya hapa maelezo kamili, uyasome polepole kwenye simu yako, na umsomee jirani aliyesahau miwani.

Jibu fupi kwanza. Broka si mwizi, na wako walio wazuri sana. Lakini kwa mtu aliyestaafu, kumtumia broka kuna hasara zake, na hasara kubwa si ile ambayo wengi hudhani. Wengi huogopa kamisheni. Mimi nimekuja kuogopa zaidi fomu: nani ameijaza, kimeandikwa nini ndani yake, na sahihi iliyo chini ni ya nani.

Broka, ajenti na kampuni ya bima

Watu huyachanganya majina haya, na wauzaji wengine hawana haraka ya kuwasahihisha. Kampuni ya bima ndiyo inayobeba mzigo: inapokea ada yako, inatoa kadi, na inalipa hospitali ukiugua. Ajenti, ambaye pia huitwa wakala, huuza bima na kulipwa kamisheni, mara nyingi kwa niaba ya kampuni moja au chache. Broka anatarajiwa kusimama upande wako wewe mnunuzi, azunguke kwa kampuni kadhaa, alinganishe, akuletee inayokufaa.

Hapa Kenya kazi hiyo inaongozwa na Sheria ya Bima, Sura ya 487. Broka hawezi kuwa mtu mmoja na begi lake. Lazima iwe kampuni iliyosajiliwa, yenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ile inayojulikana kama IRA. Leseni hiyo hutolewa upya kila mwaka. Broka anatakiwa pia kuwa na dhamana ya benki, na bima ya kuwafidia wateja iwapo uzembe wake wa kikazi utawatia hasara.

Kwa hiyo yule kijana aliyempigia mzee wetu ama ameajiriwa na kampuni ya broka, ama ni ajenti anayependa kuitwa broka kwa sababu jina linasikika kubwa. Swali la kumuuliza ni moja: "Kampuni yenu inaitwaje, na leseni yenu ya mwaka huu ni namba gani?" Akikupa, usimalizie hapo. IRA huchapisha kila mwaka orodha ya mabroka na maajenti wenye leseni, na orodha hiyo iko kwenye tovuti yake. Kama hujui kuitafuta, mpe mjukuu kazi hiyo. Haimchukui dakika kumi. Leseni ya mwaka jana haihesabiki.

Kabla ya broka, SHA

Hili nalitanguliza kwa sababu nimekutana na wastaafu waliolipia bima ya kibinafsi huku SHA yao imelala.

Ulipokuwa kazini, mwajiri alikukata asilimia 2.75 ya mshahara na kuipeleka kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Siku mshahara unapokoma, makato yale nayo yanakoma. Hakuna atakayekupigia kukuambia. Wengi hugundua wakiwa dirishani hospitalini, mgonjwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, na karani anasema mchango hauko hai.

Asiye na mshahara hujibu maswali kuhusu hali ya nyumba yake, mfumo unakokotoa kiasi, na kiasi hicho hulipwa kwa mwaka mzima. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi kwa nyumba moja, yaani 3,600 kwa mwaka. Kuna pia mpango wa Lipa SHA Pole Pole kwa anayeshindwa kutoa zote kwa mkupuo. Unajisajili kwa kubonyeza *147# hata kwa simu ya kitufe, au unaenda Huduma Centre, au unamwomba mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako akusaidie.

Kujisajili SHA ni bure na hakuhitaji broka. Atakayekuomba "pesa ya fomu" ili akusajilie SHA anakuibia, hata kama ni kijana wa nyumba ya tatu.

Bima nyingi za kibinafsi zimepangwa zikae juu ya SHA, si mahali pake. Hospitali hutoa kwanza sehemu ya SHA katika bili, kisha kampuni hulipa iliyobaki hadi kiwango mlichokubaliana. SHA yako ikiwa imelala, sehemu ile inaweza kurudi kwako. Broka mzuri huliuliza hili mwanzoni kabisa. Asipouliza, hiyo ni alama ya kwanza ya kumpimia.

Huduma ya "bure" inalipwa na nani

Broka anaposema humlipi, hadanganyi moja kwa moja. Hutoi pesa mfukoni ukampa yeye. Hulipwa kamisheni na kampuni ya bima, nayo hutoka ndani ya ada uliyolipa.

Tuchukue ada ya shilingi 70,000 kwa mwaka. Kwenye karatasi ya bei utaona nyongeza ndogo: asilimia 0.2 ya mafunzo ya sekta ya bima, ambayo hapo ni shilingi 140, asilimia 0.25 ya Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, shilingi 175. Na ushuru wa stempu shilingi 40. Jumla 70,355. Hizo zote zimeandikwa. Kamisheni haiandikwi. Tuseme ni asilimia 10: hapo broka amepata 7,000, na bima ya matibabu kwa kuwa ni ya mwaka mmoja mmoja, atapata tena ukilipa mwaka ujao.

Je, ukienda mwenyewe kwa kampuni utapunguziwa hizo 7,000? Mara nyingi hapana. Bei huwa ile ile, kwa hiyo kumkwepa broka ili uokoe kamisheni ni hesabu isiyojibu. Ubaya uko kwingine. Kamisheni hupanda ada ikipanda, basi mtu anayekushauri hupata zaidi ukinunua bima ghali. Hupata kitu ukinunua, na hapati kitu akikuambia ukweli kwamba kwa hali yako SHA pamoja na akiba ya dharura ingekutosha. Na kama kampuni mbili zinamlipa viwango tofauti, wewe huoni.

Hilo halimfanyi kuwa mtu mbaya. Muuza mbegu naye haji kukuambia kwamba shamba lako halihitaji mbegu msimu huu. Muulize tu bila haya: "Kampuni hii inakulipa asilimia ngapi, na ile nyingine je?" Anayejibu bila kukunja uso, endelea naye. Muulize pia amelinganisha kampuni ngapi, na akuonyeshe bei zao kwa maandishi. Broka aliyeleta karatasi ya kampuni moja tu amefanya kazi ya ajenti.

Fomu iliyomgharimu baba mdogo ng'ombe wawili

Hapa nataka tukae kidogo.

Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akastaafu akiwa na miaka 60. Miezi michache baadaye broka mmoja alikuja kwenye mkutano wa wastaafu, akazungumza vizuri, akagawa kalamu. Wiki iliyofuata alimpigia baba mdogo ili "wamalizie fomu kwa simu, mzee asihangaike kusafiri". Alimsomea maswali kwa haraka. Alipofika kwenye lile la magonjwa aliuliza: "Mwalimu, huna ugonjwa wowote mkubwa, sivyo?" Baba mdogo akajibu kwamba hana, ila ana presha kidogo na anakunywa dawa. Yule akasema presha ni ya kila mtu, wakaendelea. Fomu ililetwa na bodaboda ikiwa imejazwa tayari. Akatia sahihi ukurasa wa mwisho.

Baada ya miezi 14 alipata kiharusi. Alilazwa Mombasa, na kampuni ya bima ikaomba rekodi za kliniki yake ya zamani. Zilionyesha presha ya miaka minane. Kwenye fomu, mbele ya shinikizo la damu, palikuwa na alama ya "hapana". Kampuni ilikataa kulipa. Bili ilikuwa zaidi ya shilingi 300,000. Tuliuza ng'ombe wawili, tukafanya mchango wa ukoo, na mama mdogo bado anamalizia deni la chama. Tulipompigia broka, alisema sentensi moja ambayo sijaisahau: "Lakini fomu alitia sahihi yeye mwenyewe."

Na kwa upande wa karatasi, alikuwa sawa. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa mwombaji. Unatakiwa kutaja kila jambo kuhusu afya yako ambalo lingeifanya kampuni ipandishe ada, iweke sharti, au ikatae kukuchukua. Ukificha, au kikifichwa kwa niaba yako, kampuni ina njia ya kukataa dai au kufuta mkataba. Kuthibitisha kwamba ulimwambia broka kwa mdomo ni kazi ngumu, hasa ukiwa kitandani na mdomo umepinda.

Kijana wa miaka 28 hana mengi ya kuandika kwenye fomu ile. Mtu wa miaka 62 ana presha, ana sukari, ana goti, ana operesheni ya mwaka ule, ana dawa ambazo hata jina lake hajui. Ndiyo maana hasara hii humwangukia mstaafu kuliko mtu mwingine yeyote. Na broka ana sababu ya kuitaka fomu safi, kwa sababu fomu safi hupita haraka.

Basi fanya hivi. Fomu ya kwako iandike kwa mkono wako, au kwa mkono wa mwanao ukiwa umekaa naye. Nenda nayo kliniki unakochukua dawa, umwombe nesi akusomee kadi yako: ugonjwa, mwaka ulipoanza, dawa. Andika yote, hata yale unayoona ni madogo. Usitie sahihi fomu yenye nafasi tupu. Kabla haijaondoka, ipige picha kila ukurasa na uzitume kwenye simu ya mtu mwingine wa nyumbani, maana simu hupotea. Broka akikuambia usiandike presha "ili wasikusumbue", mshukuru na umfungulie mlango.

Ukiandika ukweli, kampuni inaweza kuongeza ada au kukuwekea kipindi cha kungoja, ambacho kwa magonjwa uliyokuwa nayo kabla mara nyingi ni mwaka mmoja au zaidi. Inauma. Lakini utajua mapema pesa zako zinanunua nini, na hutakuja kulijulia wodini.

Pesa inapopita mkononi mwa mtu

Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinaweka wazi kwamba kampuni haichukui dhamana yako kabla haijapokea ada. Sasa fikiria umemtumia broka 70,000 kwa M-Pesa kwenye namba yake, tarehe 2. Ana shida zake, anazifikisha tarehe 27. Ukiugua tarehe 15, utajikuta unabishania risiti badala ya kutibiwa.

Lipa kwa Paybill ya kampuni ya bima yenyewe, au kwa benki kwenye akaunti yenye jina la kampuni. Kabla ya malipo kukamilika, M-Pesa hukuonyesha jina la unayemlipa, lisome. Ukiona jina la mtu, rudi nyuma. Kisha udai mambo mawili kutoka kwa kampuni, si kwa broka: risiti, na mkataba wenyewe wa bima. Kadi ya plastiki si mkataba. Ina namba yako tu.

Wastaafu wana hatari moja zaidi hapa, na naisema kwa sababu imenifikia mara nyingi hewani: wauzaji wanajua siku kiinua mgongo kinapoingia. Mtu akikupigia wiki ile ile na kukuhimiza ulipe leo "bei isipande", mwambie utampigia wewe. Usimtumie picha ya kitambulisho na karatasi ya pensheni kwenye WhatsApp kabla hujamhakiki. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakulinda, lakini picha ikishasambaa haikusanyiki.

Kuhamishwa hamishwa

Mwaka wa pili au wa tatu broka huweza kukuambia kuna kampuni nyingine ya bei nafuu. Pengine ni kweli. Kwa mzee, kuhama kuna gharama isiyoandikwa kwenye karatasi ya bei. Kipindi cha kungoja huanza upya. Ile sukari uliyoisubiria mwaka mzima mpaka ikakubaliwa, unaanza kuihesabia tena. Zaidi ya hapo, kampuni nyingi huweka ukomo wa umri wa kumpokea mwanachama mpya, wengine miaka 60, wengine 65, na chache zina mipango maalum ya wazee inayopokea hadi umri mkubwa zaidi. Ukitoka ulikokuwa kisha kule uendako wakakukataa, mlango wa nyuma umeshafungwa.

Kampuni nyingine hukubali kukuhesabia miaka uliyokaa na bima kwingine, mradi hukuacha pengo. Hilo lipatikane kwa barua ya kampuni mpya kabla hujaiacha ya zamani. Neno la broka "tutawaongelesha" halitoshi.

Upande wa pili pia upo. Mwezi Aprili 2022, IRA iliiweka kampuni ya Resolution Insurance, iliyokuwa ikijulikana sana kwa bima ya matibabu, chini ya usimamizi wa kisheria, na kazi hiyo ikapewa Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima. Kampuni ikifikia hapo, broka aliyekupeleka halipi bili zako. Kwa hiyo bei nafuu isikufunge macho: muulize kampuni hiyo hulipa hospitali kwa wakati au la. Halafu nenda ukaulize idara ya bima ya hospitali unayotumia, maana wale makarani wanajua kampuni ipi imewachelewesha. Hawana kamisheni ya kukuficha.

Hospitali iko wapi?

Broka wengi wako Nairobi na Mombasa, na bima wanazoziuza zimepimwa kwa macho ya mjini. Orodha ya hospitali ni ndefu na inapendeza, mpaka uitafute iliyo karibu na kwako. Ukiwa Wundanyi au Taveta, hospitali ya Mombasa ni safari ya saa kadhaa, na mtu wa presha anaenda kliniki kila mwezi. Bima ya wagonjwa wa nje usiyoweza kuifikia bila nauli ya watu wawili ni ada ya kuipa kampuni zawadi.

Omba orodha ya hospitali za kaunti yako peke yake. Kisha pigia hospitali mbili uulize kama kadi ile inapokelewa kwa mpango ule hasa unaouziwa, kwa sababu kampuni moja huwa na mipango tofauti na orodha tofauti. Kwa wengi wetu tulio mbali na miji mikubwa, naona ni busara kuacha kabisa bima ya wagonjwa wa nje, kutumia SHA katika zahanati na kituo cha afya cha karibu, na kulipia bima ya kulazwa pekee. Hayo ni maoni yangu, si sheria, lakini nimeyapima na watu wengi.

Pale ambapo broka anafaa

Nisije nikaeleweka vibaya. Kuna hali ambapo ningemtafuta broka mimi mwenyewe. Ukiwa umepita miaka 65 na hujawahi kuwa na bima, broka mwenye uzoefu anajua ni kampuni zipi bado zitakupokea, na atakuokoa safari tano za bure. Mkiwa chama cha wastaafu wenye watu 40 au 50, yeye anaweza kuwajadilia bei ya kikundi, na pengine kulegezewa masharti ya magonjwa ya zamani, jambo ambalo mtu mmoja hapati. Na dai likikataliwa bila haki, broka anayeijua kazi huandika barua, hupiga simu, hufuatilia. Hapo ndipo kamisheni yake inapolipika.

Kwa hiyo muulize juu ya madai kabla ya kununua: "Nikilazwa Jumamosi usiku na kadi ikakataa, nampigia nani, na mtafanya nini?" Kisha jaribu. Pigia ile namba Jumamosi usiku. Mama mmoja msikilizaji wetu alifanya hivyo, simu ikaita mpaka ikakatika mara tatu, naye akatafuta broka mwingine. Nilicheka hewani, lakini alikuwa na akili kuliko mtangazaji.

Kama bado uko kazini na umebakiza miaka kadhaa, kuna njia nyingine isiyopita kwa broka wa mitaani. Mifuko ya pensheni inaruhusiwa kuwa na mfuko wa matibabu baada ya kustaafu, chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA. Tangu mabadiliko ya sheria ya kodi ya Desemba 2024, mchango wako kwenye mfuko kama huo, hadi shilingi 15,000 kwa mwezi, unaondolewa kabla ya kukatwa kodi. Waulize wadhamini wa pensheni yenu kama mfuko huo upo. Uliza pia kama mpango wa matibabu wa mwajiri unaruhusu mstaafu kuendelea kwa kujilipia mwenyewe. Mahali pengine inaruhusiwa, ila una siku chache za kuomba, na zikipita zimepita.

Mambo yakiharibika

Anza na kampuni ya bima yenyewe, kwa barua au barua pepe, si kwa simu. Eleza tarehe, kiasi, na sababu waliyokupa. Omba wakuonyeshe kwa maandishi kifungu cha mkataba walichokitumia kukukatalia. Wakikaa kimya au jibu lisikuridhishe, peleka malalamiko IRA. Mamlaka hiyo hupokea malalamiko dhidi ya kampuni za bima na pia dhidi ya broka na maajenti, bila malipo na bila wakili. Makao yake ni jumba la Zep-Re Place, barabara ya Longonot, Upper Hill, Nairobi, lakini si lazima usafiri. Unaweza kuandika kupitia tovuti yao.

Utakachohitaji ni nakala ya fomu ya maombi, mkataba, risiti au ujumbe wa M-Pesa, barua ya kukataliwa, bili ya hospitali, na mazungumzo ya WhatsApp na broka, usiyafute. Baba mdogo alikuwa na mawili tu kati ya hayo, kadi yake na ujumbe wa M-Pesa, na barua yetu ilikwama hapo hapo. Sasa anatembea kwa fimbo, na SHA yake inalipwa kila Januari mama mdogo akiuza mahindi. Nyaraka zote ziko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na mimi nina picha zake.

Ijumaa hii, baada ya taarifa ya saa mbili asubuhi, tutarudi kwenye maswali ya SHA kwa wastaafu. Ukiwa na karatasi ya bei uliyoletewa na broka na hujaielewa, itume kwa namba ya studio, ziba jina lako na namba ya kitambulisho, tuisome pamoja hewani.